Mirihi ya chaki, na namba zilizogeuka picha

Julai 1965, katika maabara ya JPL mjini Pasadena, California, wahandisi walikuwa wameishiwa subira. Chombo chao, Mariner 4, kilikuwa kimeipita Mirihi kwa umbali wa kilomita 9,846 kutoka kwenye uso wake, kikapiga picha 21 na kipande cha picha ya 22. Picha zote zilikuwa kwenye mkanda wa sumaku ndani ya chombo. Kazi ilikuwa kuzifikisha duniani.

Hebu tupige hesabu. Kila picha ilikuwa na nukta 200 kwa 200, yaani nukta 40,000. Kila nukta ilipewa namba kati ya 0 na 63 kuonyesha mwanga wake, na namba ya ukubwa huo inahitaji biti 6. Jumla ni biti 240,000. Redio ya Mariner 4 ilituma biti nane na theluthi kwa sekunde. Ukigawanya unapata sekunde 28,800, yaani saa nane kwa picha moja. Leo mtu anatuma picha nzito kuliko hiyo kwenye WhatsApp na kulalamika kwamba mtandao uko chini.

Isitoshe, kulikuwa na hofu kwamba kinasa cha mkanda kilikuwa na hitilafu, na saa nane ni nyingi mno kwa mtu mwenye hofu. Mhandisi mmoja, Richard Grumm, na wenzake wakaamua kutoisubiri kompyuta imalize kutengeneza picha. Namba zilizokuwa zikiingia walizichapa kwenye vipande virefu vya karatasi, wakavibandika ukutani kimoja kando ya kingine. Kisha Grumm akaenda duka la vifaa vya uchoraji kutafuta chaki za kijivu, zilizokolea na zilizopauka. Akajibiwa kwamba duka lile haliuzi chaki, ila lina pasteli za rangi. Akanunua hizo.

Wakajiwekea ufunguo: namba za kundi hili zipakwe kahawia, za kundi lile nyekundu, zile pale njano. Wakapaka namba moja baada ya nyingine mpaka ukingo wa sayari ukaonekana dhidi ya weusi wa anga. Kinasa kilikuwa kizima. Wakubwa wangependa waandishi wa habari wasubiri picha yenyewe, lakini mchoro ule uliwahi. Baadaye ulikatwa pamoja na kipande cha ukuta, ukawekwa kwenye fremu na kukabidhiwa mkuu wa maabara, William Pickering.

Anayejifunza lugha ya kompyuta ya Python leo hufanya kazi hiyohiyo katika wiki yake ya kwanza. Anasoma faili la namba, analipa jina, tuseme a, kisha anaandika plt.imshow(a), na picha inajitokeza kwenye kioo, yenye rangi tayari. Tofauti ni moja, na kwa maoni yangu ni kubwa. Grumm alijua kwamba rangi zile alizichagua yeye, tena kwa sababu duka halikuwa na nyingine. Mwanafunzi wetu hajui kwamba kuna mtu aliyemchagulia.

Picha ya namba yenyewe ilizaliwa miaka minane kabla ya Mirihi. Mwaka 1957, katika Ofisi ya Taifa ya Vipimo ya Marekani, Russell Kirsch na wenzake walitengeneza skana ya pipa linalozunguka na kuiunganisha na kompyuta iliyoitwa SEAC. Kirsch alileta picha ya mwanawe Walden, mtoto wa miezi mitatu. Ilikuwa picha ya sentimita 5 kwa 5, nayo ikakatwa kuwa miraba 176 kwa 176. Hizo ni pikseli 30,976 tu, lakini ndiyo picha ya kwanza kuingizwa kwenye kompyuta kwa skana.

Skana ile ilijua majibu mawili tu: mweusi au mweupe, 1 au 0. Mwanga ukizidi kizingiti fulani ni mweupe, usipozidi ni mweusi, hakuna katikati. Kwa mashavu ya mtoto hilo halitoshi. Wakapata njia: picha ileile waliipitisha kwenye skana tena na tena, kila mara kwa kizingiti kingine, kisha wakayaunganisha majibu ili kupata kijivu. Mbinu ya kizingiti haijazeeka. Ukiandika a > 128, kompyuta inapitia kila pikseli na kukurudishia kweli au si kweli, na kwa mstari huo mmoja unaweza kutenga seli na kioo cha hadubini zilipolala, au kutenga maji na nchi kavu kwenye picha ya setilaiti. Swali la kwa nini iwe 128 na si 140 linabaki kwako.

Kirsch, ambaye alifariki mwaka 2020 akiwa na umri wa miaka 91, hakufurahia kila alichotuachia. Katika uzee wake alisema wazi kwamba kuchagua pikseli za mraba lilikuwa jambo la kipuuzi, na kwamba dunia nzima inaendelea kuumia kwa sababu hiyo. Akiwa amestaafu alirudi kwenye kompyuta kutafuta namna ya kugawa picha kwa maumbo mengine. Lakini miraba ilikuwa imeshaota mizizi.

Picha ikishakuwa jedwali la namba, hesabu za shule ya msingi zinaweza kuona. Mwaka 1968, katika maabara ya akili mnemba ya Chuo Kikuu cha Stanford, Irwin Sobel na Gary Feldman walipendekeza njia ya kutafuta kingo za vitu. Unachukua pikseli tisa, tatu kwa tatu. Safu ya kushoto unaizidisha kwa 1, 2 na 1 na kujumlisha. Ya kulia hivyohivyo. Kisha unatoa ya kushoto kwenye ya kulia. Kama ni ukuta mtupu na pikseli zote ni 10, kulia ni 40, kushoto ni 40, jibu ni sifuri. Kama safu ya kulia ni 50 kwa sababu hapo pana dirisha, unapata 200 kutoa 40, yaani 160. Pale penye namba kubwa ndipo penye ukingo. Rudia hesabu hiyo picha nzima, kisha juu na chini, na mchoro wa dirisha unatoka. Wanafunzi wengi huitumia kama amri iliyo tayari bila kuifanya hata mara moja kwa mkono, na hapo wanajinyima raha.

Amri zenyewe zilitoka wapi? Mwishoni mwa miaka ya 1970, Cleve Moler, mwalimu wa hesabu katika Chuo Kikuu cha New Mexico, aliandika MATLAB ili wanafunzi wake wacheze na majedwali ya namba bila kuandika Fortran. Mwaka 1984 ikawa biashara. Ilipendwa sana na wahandisi, lakini ilihitaji leseni, na leseni inahitaji pesa.

Mtu aliyebadilisha mambo kwa upande wa grafu alikuwa John Hunter, mtafiti wa ubongo huko Chicago. Timu yake ilichunguza mawimbi ya umeme ya ubongo wa wagonjwa wa kifafa, kwa programu nzuri yenye leseni moja tu. Leseni hiyo ilifungwa kwenye kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta, hivyo wanafunzi na watafiti walikuwa wakipokezana kifaa kile. Hunter kwanza alihamia MATLAB, baadaye akaingia Python, akaandika Matplotlib, ile plt ya mwanafunzi wetu, na kuitoa bure mwaka 2003. Kwa makusudi aliziiga amri za MATLAB: plot, xlabel, title. Alifariki Agosti 2012 akiwa na miaka 44. Tarehe 10 Aprili 2019, watafiti walipoonyesha picha ya kwanza ya shimo jeusi, lililo kwenye galaksi ya M87, Matplotlib ilikuwa miongoni mwa programu walizozitumia.

Pete ya rangi ya chungwa iliyoonekana kwenye picha hiyo ilienea magazetini dunia nzima. Lakini darubini zilizotumika zilipokea mawimbi ya redio ya milimita 1.3, ambayo jicho haliyaoni kabisa. Uchungwa ulichaguliwa na watu.

Pamoja na amri, Matplotlib ilirithi kutoka MATLAB rangi za kuanzia zilizoitwa jet: bluu iliyokolea kwa namba ndogo, kisha samawati, njano, mpaka nyekundu iliyokolea kwa namba kubwa. Zinavutia macho, na hapo ndipo ubaya wake ulipo. Njano inang'aa kuliko majirani zake, kwa hiyo msomaji huona mpaka mahali ambapo namba zinapanda polepole bila mpaka wowote. Itoe fotokopi ramani ya joto iliyopakwa hivyo: penye baridi kali na penye joto kali vyote vinatoka vyeusi. Asiyeweza kutofautisha nyekundu na kijani anapotea zaidi.

Mwaka 2015 Nathaniel Smith na Stéfan van der Walt, Mwafrika Kusini aliyeanzisha maktaba ya kuchakata picha ya scikit-image, walileta mapendekezo mapya ya rangi yaliyokokotolewa ili kila hatua ya namba ionekane na jicho kama hatua sawa ya rangi. Watu waliulizwa maoni, na iliyochaguliwa ikaitwa viridis, kutoka zambarau iliyokolea, kupitia kijani, hadi njano. Tangu toleo la 2.0 la Januari 2017, hiyo ndiyo rangi anayoipata kila asiyetaja nyingine. Jet haikufutwa. Ukiandika cmap="jet", inakuja bila kukuuliza neno.