Darasa la Kitambaa: Jinsi Wanawake wa Ziwa Walivyofundishana



Ingia sebule yoyote ya zamani kidogo hapa Mwanza, Nansio au Sengerema, utakiona: kitambaa cheupe cha kufuma mgongoni mwa kochi, kingine juu ya redio, na kingine kimefunika jagi la maji. Tumevizoea mpaka macho yetu yanavipita. Mabinti wa siku hizi wanasema ni mambo ya kizamani. Leo naomba tuvitazame kama sehemu ya historia yetu, kwa sababu kila kimoja kilianza na mwanamke aliyeketi karibu na mwenzake akamwambia, "Hesabu tena, umeruka tundu moja."

Nianzie mbali kidogo, kisha turudi ziwani. Marekani kuna chama cha wapenzi wa lesi kilichoanzishwa mwaka 1953, ambacho leo kinaitwa International Organization of Lace. Kila mwaka wanachama wake hukutana na kufanya madarasa kwa siku kadhaa. Moja ya lesi zinazopendwa katika mikutano ya namna hiyo ni tatingi. Hufumwa kwa kifaa kidogo cha mkononi, chenye umbo la mtumbwi, kinachobeba uzi. Uzi hufungwa mafundo madogo madogo, kisha huvutwa mpaka mafundo yale yakawa duara, na maduara yakiungana yanakuwa ua. Waitaliano wameipa jina linalotokana na neno lao la kupiga soga, na aliyewahi kukaa kwenye kikundi cha kufuma hatahitaji kuelezwa kwa nini.

Kinachonivutia katika mikutano hiyo ni kwamba aliyefundisha darasa la asubuhi anaweza kuketi mwanafunzi katika darasa la mchana. Hapati aibu yoyote. Anakuja na anachokijua, anaondoka na cha mwenzake. Jambo hilo si geni kwetu. Kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria limekuwapo kwa vizazi kadhaa, ingawa halikuitwa mkutano wa lesi.

Sindano ya misheni

Mapadri wa White Fathers walifungua misheni ya Bukumbi, kusini mwa Mwanza, mwaka 1883. Masista wao, ambao shirika lao lilianzishwa Algeria mwaka 1869, walifika Ushirombo, kusini-magharibi mwa ziwa, mwaka 1894. Upande wa Uganda, shule ya wasichana ya Gayaza ilifunguliwa na Waanglikana mwaka 1905. Wasichana katika shule za misheni walifundishwa dini, kusoma, usafi na kushona. Baadaye makanisa ya Waadventista yalileta vikundi vya Dorkasi, vilivyopewa jina la yule mama wa Yafa katika Matendo ya Mitume aliyewashonea wajane nguo.

Tusidanganyane kuhusu nia ya madarasa hayo. Wamisionari walitaka mke Mkristo, mama wa nyumba safi, na mara nyingi mipaka yake ilikuwa ndiyo hiyo. Mvulana alitayarishwa kuwa karani au mwalimu, msichana akapewa sindano.

Tena mabibi zetu hawakuwa mikono mitupu kabla ya sindano hiyo kufika. Walisuka mikeka na vikapu, na ususi huo una hesabu na mifumo yake. Aliyefika na uzi mweupe alikuta mikono iliyokwisha kuzoea kuhesabu.

Lakini msichana aliyejua kufuma aliporudi kijijini, majirani walimfuata. Shangazi mtu mzima aliketi chini kufundishwa na binti wa miaka 15. Katika jamii ambapo mdogo husubiri mkubwa aseme kwanza, hilo lilikuwa jambo kubwa. Kwa muda wa saa moja, kwa ajili ya kitambaa, binti alisema na mkubwa akasikiliza.

Pamba yetu, uzi wa kununua

Kuna jambo jingine linalouma kidogo katika historia hii. Usukuma ndio uliotoa sehemu kubwa ya pamba ya Tanganyika. Wanawake walipalilia mashamba hayo na kuichuma pamba hiyo. Ikachambuliwa, ikafungwa marobota, na baada ya reli kufika Mwanza mwaka 1928 ikasafirishwa kwa urahisi zaidi kwenda pwani na kupakiwa melini. Mama yule yule aliyechuma pamba kwa gunia akaenda dukani kununua uzi wa kufumia, kidonge kimoja kimoja, kwa bei asiyoipanga yeye.

Wakulima walijitahidi kushika sehemu ya biashara hiyo. Mwaka 1955 uliundwa Mwanza muungano wa vyama vya ushirika vya Victoria, ambao jina la Paul Bomani linahusishwa nao sana. Baada ya uhuru mji ukapata kiwanda chake cha nguo, Mwatex. Hata hivyo fedha za pamba kwa kawaida zilipokelewa na baba. Fedha za kitambaa zilikuwa za mama. Ndiyo maana kufuma hakukuwa pambo tu. Senti za kitambaa zilinunua daftari la mtoto na chumvi ya nyumbani bila kumwomba mtu.

Klabu na chama

Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianza kuhimiza klabu za wanawake. Baraza la Wanawake wa Tanganyika lilianzishwa mwaka 1951, likiongozwa na Lady Twining, mke wa Gavana. Kwenye klabu hizo walifundishwa kushona, kufuma, kupika na kulea watoto. Siasa haikutakiwa humo. Kwa hapa kwetu haikutakiwa popote: matawi ya TANU yalipigwa marufuku Usukumani kuanzia mwishoni mwa 1954 hadi 1958.

Wakati huo huo, Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alianza mwaka 1955 kuwaingiza wanawake TANU. Yeye alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba, na aliwafuata wanawake mle walimokwisha kukusanyika wenyewe, yaani kwenye vikundi vya ngoma. Mwaka 1962, baada ya uhuru, ukaundwa Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, UWT, naye akawa mwenyekiti wake wa kwanza.

UWT haikuyatupa madarasa ya kufuma na kushona. Iliyaendeleza, ikayachanganya na kisomo, ushirika na malezi ya watoto wadogo. Wapo waliolaumu kwamba uhuru umekuja na mwanamke bado anapewa sindano ile ile. Lawama hiyo ina ukweli wake. Lakini tukumbuke pia kilichofanyika kuzunguka sindano: kuchagua mwenyekiti, kuweka mhazini, kuandika majina, kuchanga fedha, kusimama mbele ya watu na kueleza. Wanawake wengi walifanya mambo hayo kwa mara ya kwanza kwenye kikundi cha namna hiyo.

Ukerewe inapewa mwaka mmoja

Hapa ndipo kisiwa chetu kinapoingia. Mwaka 1968 ulianzishwa mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima kwa msaada wa UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza, ukihudumia mikoa minne ya ziwa: Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambayo leo ni Kagera. Vitabu vya kusomea viliandikwa kufuata kazi za watu: pamba, ndizi, ng'ombe, uvuvi na maarifa ya nyumbani. Mtu alijifunza herufi kwa maneno ya kazi aliyokwisha kuijua kwa mikono.

Tarehe 31 Desemba 1969, Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kisha zikachaguliwa wilaya sita ambazo zilitakiwa kufuta ujinga wa kutojua kusoma ifikapo mwisho wa mwaka 1971. Ukerewe ilikuwa mojawapo, pamoja na kisiwa kingine, Mafia.

Waliojaa kwenye madarasa hayo nchini walikuwa zaidi wanawake. Waliofundisha ni walimu wa shule pamoja na watu wa kujitolea, wengi wao wakiwa wamemaliza shule ya msingi tu. Tunaiona tena desturi ile ile ya kitambaa: aliyejua kidogo alimfundisha asiyejua, naye akaendelea kujifunza. Sensa ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba karibu watu wazima 7 kati ya 10 nchini hawakujua kusoma. Kwa hesabu za serikali, mwaka 1986 walikuwa wamebaki chini ya 1 kati ya 10.

Kwa mfumaji, kusoma kulileta faida ya pekee. Kufuma ni hesabu: mitundu mingapi, ruka mingapi, rudi wapi. Asiyesoma hubeba hesabu hiyo kichwani, au hushika kitambaa cha mwenzake na kukiiga tundu kwa tundu. Aliyesoma anaweza kuiandika daftarini, akamtumia dada yake aliyeolewa ng'ambo ya maji.

Mwaka 1975 vikaanza vyuo vya maendeleo ya wananchi, ambavyo hata mkoani kwetu vipo, kama Sengerema na Malya. Wanawake walipata humo tena ushonaji na upishi, safari hii wakiwa na mtaala na cheti.

Tunachoweza kupoteza

Katika Matendo ya Mitume, Dorkasi alipofariki wajane walisimama wakilia, wakionyesha nguo alizowashonea. Nguo zilionekana. Hatusomi alimfundisha nani.

Kwetu hali inafanana na hiyo. Vitambaa bado vipo, ila wanawake walioshika mifumo yake kichwani wanaondoka mmoja mmoja. Majina ya mapadri, magavana na wenyeviti yamo vitabuni. Jina la mama aliyewafundisha wanawake 20 wa kijiji kimoja cha Ukara kufuma, kuhesabu na kuweka akiba, mara nyingi halimo popote.

Kwa hiyo dada yangu, kama bibi yako yupo, nenda na daftari. Muulize mambo matatu: nani alimfundisha, mwaka gani au wakati wa tukio gani, na yeye alimfundisha nani. Andika na hesabu ya mfumo mmoja, hata kama hujui kufuma, pale pale anapouonyesha. Na kikundi chenu cha kanisani, cha msikitini au cha VICOBA kikimwalika fundi, mlipeni nauli ya kivuko na ujira wake, kisha mwombeni abaki mchana. Huenda kuna mmoja wenu anayejua kitu ambacho fundi naye angependa kujifunza.