Nyumba za Maskini na Hati Inayozilinda

Katika miji mingi ya dunia mitaa ya zamani ya wafanyakazi inatengenezwa upya. Kuta hupakwa rangi, mabati hubadilishwa, kisha kodi hupanda, na waliozaliwa humo hulazimika kuhama. Je, ni lazima iwe hivyo?

Katika mji wa Augsburg, Ujerumani, tajiri Jakob Fugger aliwajengea nyumba mafundi na vibarua Wakatoliki walioangukia umaskini. Mtaa huo huitwa Fuggerei. Hati yake ya wakfu, ya mwaka 1521, iliweka kodi ya gulden moja kwa mwaka, pamoja na sala za kila siku kwa ajili ya mwanzilishi na jamaa yake: Baba Yetu, Salamu Maria na Nasadiki.

Hatumfanyi Fugger kuwa mtakatifu. Mali yake ilitoka katika shaba na fedha za migodi, na katika mikopo aliyowapa wafalme. Lakini alijifunga kwa maandishi, yeye na wazao wake. Mwezi wa Februari 1944 mabomu ya vita yalibomoa sehemu kubwa ya mtaa. Ulijengwa tena, ukawapokea maskini kwa masharti yaleyale. Leo watu wapatao 150 wanakaa humo, na kodi ya mwaka haifiki euro moja. Mapato ya misitu ya wakfu husaidia sana kugharimia matengenezo.

Sisi wa Katanga nasi tunaijua shaba. Tangu mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière iliwajengea wafanyakazi na jamaa zao kambi za matofali katika miji tunayoiita leo Lubumbashi na Likasi. Nyumba zilikuwa imara, lakini zilifuata kazi: aliyepoteza kazi alipoteza na nyumba. Matofali yalikuwepo, hati ya kumlinda mnyonge haikuwepo.

Nabii Isaya aliwakemea waliolimbikiza nyumba hata wengine wakakosa mahali. Basi, siku watakapokuja watu na ramani nzuri za kutengeneza mitaa yetu, tuwapokee kwa heshima, tusikilize mipango yao, kisha tuulize swali moja: ni wapi palipoandikwa kwamba mjane anayekaa hapa leo atakaa hapa hata kesho?