Maji Bustanini: Bwawa la Kuchimbwa kutoka Kilwa hadi Bukavu

Mgeni anayefika Bukavu aweza kushangaa kwa nini mtu achimbe bwawa bustanini ilhali Ziwa Kivu liko mbele ya macho yake. Ziwa liko chini, nao mji umepanda milimani. Kuyatazama maji ni rahisi, kuyapandisha ni kazi. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba uhai wa bwawa hutegemea mtunzaji wake kuliko fahari ya mjenzi.

Maneno birika na hodhi, yote mawili yenye asili ya Kiarabu, yanatukumbusha kwamba ufundi huu ni wa zamani katika Uswahilini. Huko Kilwa, katika karne ya 14, jumba la Husuni Kubwa la Sultani al-Hasan bin Sulaiman lilikuwa na birika la pembe nane, lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Jumba lilisimama juu ya genge la bahari, hivyo maji matamu yalihitaji mikono ya kuyaleta. Halikukaliwa kwa muda mrefu, na birika likakauka. Huko Unguja nako, kasri la Maruhubi la Seyyid Barghash liliteketea mwaka 1899. Mabirika yake yamebaki magofuni.

Kiswahili kilipokwisha kuingia mashariki ya Kongo pamoja na misafara ya karne ya 19, bwawa lilikuja kupata historia nyingine huko. Chini ya Wabelgiji, hasa baada ya Vita Vikuu vya Pili, wanavijiji walihimizwa, na mara nyingi kuamrishwa, kuchimba mabwawa ya kufugia perege. Kufikia mwisho wa miaka ya 1950 mabwawa katika koloni zima yalizidi 100,000. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 mengi yalitelekezwa. Amri ilipoondoka, mifereji iliziba na kingo zikavuja, kwani wengi walikuwa wamechimba bwawa la serikali, si lao.

Hivyo basi, mkazi wa Bukavu anayejichimbia bwawa leo ana faida ambayo wale hawakuwa nayo: ni lake. Hata hivyo, ana wajibu pia. Udongo wa mfinyanzi wa milima hii hushika maji, lakini ukilowa mno huwa mzito na kuteleza. Maporomoko ya Funu yanajulikana na wote. Kwa sababu hiyo hana budi kuchagua mahali tambarare, kushindilia kingo tabaka kwa tabaka, na kutengeneza mlango wa kufungia maji pamoja na mfereji wa kutolea yanayozidi, kabla ya mvua za Septemba.

Chini ya birika la Sultani wa Kilwa palikuwa na bahari. Chini ya bustani ya Bukavu, aghalabu, pana paa la jirani.