Matundu 12 ya Pijo

Muulize kijana yeyote wa Dar es Salaam daladala zilianza lini. Kama anajua, atakujibu: 1983. Jibu hilo si la uongo. Mwaka huo ndipo magari ya watu binafsi yaliporuhusiwa kubeba abiria mjini. Nauli ilikuwa shilingi tano, sarafu ya shilingi tano mitaani ikiitwa dala, makonda wakapiga kelele "dala! dala!" na jina likaganda mpaka leo. Basi, hapo mwalimu anafuta ubao, wanafunzi wanakwenda mapumziko.

Mimi nasema historia hiyo imeanzia katikati. Magari ya 1983 hayakudondoka kutoka mbinguni yakiwa na mabenchi, makonda na wapiga debe wake. Yalikuwepo. Yalikuwa yakifanya kazi ileile alfajiri na magharibi, bila kibali cha mtu, na watu waliyaita thumni, kwa kuwa zamani nauli yake ilikuwa senti hamsini, ile sarafu yenye picha ya sungura. Tatizo ni ushahidi. Kitu cha magendo hakiandikiwi risiti. Shirika la umma lina majalada, lina hesabu, lina picha za viongozi wakikata utepe mbele ya mabasi mapya. Thumni ina nini?

Ya kwetu ina matundu 12.

Nayazungumzia matundu yaliyo kwenye sakafu ya bodi ya pikapu ya marehemu babu, Peugeot 404, ambayo tangu mwaka 1994 ilikuwa imekaa chini ya mwembe nyuma ya nyumba yetu Mbagala. Kuku walitagia ndani yake. Miaka miwili iliyopita, likizo ya Desemba, baba na mdogo wangu wa kike mwenye miaka 16 waliamua kuifufua. Mimi kazi yangu ilikuwa kushika tochi na kuuliza maswali, maana nina riwaya yangu iliyokwama sura ya nne, na ndani ya riwaya hiyo mna dereva. Nilitaka kujua dereva wa zamani alishika nini, alinusa nini.

Kwanza gari lenyewe, kwa ajili ya wale waliozaliwa wakati wa Toyota. Peugeot 404 ilitoka Ufaransa mwaka 1960, umbo lake likiwa limechorwa na Pininfarina wa Italia. Pikapu yake ilifuata mwaka 1967. Injini yake ya sisi 1,618 haikusimama wima kama injini nyingine. Imelala ubavu, nyuzi 45, kama mzee aliyejiegemeza kwenye mkeka. Gia ziko kwenye usukani. Betri ikifa, unachomeka hendeli mbele, unazungusha kwa mkono na kumwomba Mungu.

Kwa nini watu wa Dar waliipenda? Wazee wana jibu moja: Safari Rally. Mwaka 1963 yalianza magari 84, yakamaliza saba tu, na la kwanza lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki. Mwaka 1968 yakamaliza tena saba, na mshindi akawa huyohuyo na 404. Katikati hapo, 1966 na 1967, ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa mkazi wa hapahapa Dar es Salaam, naye alikuwa na 404. Ni kweli yale yalikuwa magari madogo ya saluni, si pikapu. Lakini mnunuzi gani aliyejali? Jina lilikuwa moja. Gari lililovuka matope ya Aprili kutoka Nairobi mpaka Dar lingeshindwaje na barabara ya Kilwa?

Na si sisi peke yetu tuliofikiri hivyo. Afrika Magharibi pikapu hiyohiyo iliuzwa ikiwa na turubai mgongoni, na Wafaransa waliiita "bâchée", yaani iliyofunikwa. Huko Abidjan na Ouagadougou jina hilo likawa la aina ya usafiri kabisa: watu wamekaa nyuma wanatazamana, mbuzi katikati, turubai juu. Hakuna aliyewaandikia barua wa Dar kuwaambia wafanye hivyo. Shida ilikuwa moja, pikapu ilikuwa moja, na dawa ikawa moja.

Shida yenyewe hii hapa. Kampuni ya mabasi ya mjini, DMT, ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 kazi yake ikagawanywa: KAMATA ikachukua safari za mikoani, UDA ikachukua jiji. Kisheria UDA ilikuwa peke yake. Sasa tazama hesabu ya watu. Sensa ya 1967 iliukuta mkoa wa Dar es Salaam ukiwa na watu kama 356,000. Sensa ya 1978 ikawakuta zaidi ya 843,000. Watu wamezidi mara mbili, na muda huohuo mafuta yamepanda bei duniani, mwaka 1973 na tena 1979, fedha za kigeni hazipo, na kuanzia Oktoba 1978 nchi iko vitani na Idi Amin. Basi likiharibika pampu linasubiri pampu miezi. Yale Ikarus marefu ya kutoka Hungaria, tuliyoyaita kumbakumba kwa jinsi yalivyokomba watu kituoni, yangekomba vizuri zaidi kama yangekuwa barabarani.

Mtu wa Mbagala anayetakiwa kazini saa moja na nusu afanyeje? Hapo ndipo babu anapoingia.

Babu hakuwa mfanyabiashara ya abiria. Alibeba mkaa kutoka Vikindu kwenda Kariakoo. Kumbe alfajiri, akipita na mkaa wake, watu walimpungia mkono. Akaanza na wawili juu ya magunia. Kisha akaona magunia yanachukua nafasi ya watu. Seremala wa jirani akamtengenezea mabenchi mawili ya mbao, moja kila upande, abiria watazamane magoti kwa magoti. Baadaye mtindo huo ulipewa jina la chai maharage. Wazee hueleza kwamba abiria walionekana kama walaji wa hotelini, wamezunguka meza isiyokuwepo.

Angalia lakini ujanja wa yule seremala, kwa sababu ndio unaoniuma mimi kama mwandishi. Mabenchi hayakuchomelewa. Yalifungwa kwa bolti, na chini nati za masikio, zile za kufungua kwa vidole. Askari akionekana mbele, abiria wanashuka, mabenchi yanang'olewa na kulazwa, magunia ya mkaa yanarushwa juu, na gari ni la mkaa, bwana, wala usiniulize. Dakika chache tu. Benchi la kuchomelewa ni kesi. Benchi la bolti ni mzigo wa mbao.

Haya yote hatukuyajua. Tulichokijua ni kutu. Mdogo wangu ndiye aliyeyaona matundu. Alikuwa anapiga msasa sakafu ya bodi, akipita rangi moja baada ya nyingine: kahawia ya mwisho, chini yake kijani, chini yake bluu, na chini kabisa nyeupe ya kiwandani. Kwenye bluu msasa ukaanza kutoa unga mweupe. Puti. Mtu alikuwa amepiga puti juu ya sakafu ya pikapu ya mkaa. Nani anarembesha sakafu ya kubebea mkaa? Akakwangua kwa bisibisi, tundu la kwanza likatokea, kisha la pili, mpaka 12. Akayazungushia chaki. Manane kulia, manne kushoto. Hesabu hiyo ilimsumbua, akachora mabenchi kwenye daftari lake la fizikia na hayakukubali kulingana.

Baba alipotoka ndani akaona chaki, akasimama. Halafu akasema, "Yachomelee hayo, mama. Yafunge yote."

"Ya nini, baba?"

"Yafunge."

Niliipata habari kwa vipande, mwezi mzima, na sehemu kubwa kutoka kwa shangazi. Mwaka 1981 babu alikamatwa na abiria tisa, mabenchi hayajawahi kung'olewa. Akalala rumande siku mbili, akalipishwa faini. Aliyekuwa ananing'inia nyuma siku hiyo, utingo wake, mkusanyaji wa nauli, alikuwa mtoto wa miaka 11. Baba. Alirudi nyumbani kwa miguu kutoka Temeke akiwa na sarafu za watu mfukoni, na shuleni wenzake wakamwita mtoto wa mlanguzi.

Babu aliendelea na kazi baada ya hapo, kwa woga. Kisha ikaja Machi 1983, msako wa wahujumu uchumi. Maduka yalipekuliwa, watu wakatupa bidhaa usiku ili wasikutwe nazo. Babu hakuwa na bidhaa, alikuwa na mabenchi. Akayapasua kuni. Akaziba matundu kwa puti, akapaka rangi ya kijani. Na mwaka huohuo, 1983, serikali ileile ikatangaza kwamba wenye magari sasa ruksa kubeba abiria! Jirani aliyekuwa akimcheka babu akanunua gari na kuandikwa njia. Babu akabaki na mkaa wake mpaka injini ilipogoma. Shangazi anasema hakupanda daladala hata siku moja. Alitembea.

Sasa ugomvi. Baba alitaka 404 irudi kama ilivyotoka kiwandani: nyeupe, sakafu safi, turubai la kaki. Mdogo wangu alitaka mabenchi, tena ya kukunja, spika chini yake, rimu pana, na pembeni mchoro wa sungura wa thumni. Kwa wiki tatu hakuna aliyegusa spana. Chakula cha jioni kilikuwa cha kijiko na sahani tu.

Wapenzi wa magari ya kale wana neno lao tamu: orijino. Nami nawauliza, orijino ya lini? Pikapu ile ilikuwa ya kiwandani kwa miezi michache. Imekuwa ya mkaa, ya abiria, ya kuku. Fundi wa Mbagala ameigusa kuliko fundi wa Ufaransa. Ukiirudisha nyeupe, umechagua miezi michache na kufuta miaka mingi. Na huyo binti na spika zake hafanyi jambo geni; kila aliyeishika pikapu hii ameigeuza kwa haja ya siku zake. Mwaka 2019 nilivuka kwenda Unguja nikazikuta gari za abiria za bodi ya mbao, zimechongwa na maseremala, abiria wanatazamana vilevile, na hakuna aliyeziita gari zilizoharibiwa.

Hayo ni maneno yangu, na ni rahisi kwangu kuyasema. Mimi natafuta sura ya tano. Baba alikuwepo. Yeye akitazama matundu haoni jalada la historia, anaona baba yake akipandishwa gari jingine. Mwenye kidonda ana haki ya kuamua kama kifunguliwe, na hilo nilimwambia mdogo wangu. Akanijibu kwamba kidonda hakifungwi kwa puti, kutu inaendelea chini kwa chini. Fundi bodi yeyote anajua.

Jumapili moja baba alikwenda Gerezani akarudi na mfuko wa plastiki. Akaumwaga juu ya boneti. Bolti 12, na nati zake za masikio. Hakusema samahani wala nimekubali. Alichukua daftari la fizikia, akalitazama lile benchi la kushoto, akatikisa kichwa.

"Umekosea hapa, mama. Huku nyuma lilikaa tairi la spea. Benchi lilikuwa fupi, miguu miwili tu. Walikaa watu wanne. Kulia ndio miguu minne, watu sita, na wa mwisho alikuwa anashika bomba."

Wakaanza kupima.

Mbao ni za mninga, za mtumba, kutoka kitanda kilichovunjika. Spika zimo. Rimu pana baba amezikataa na kwa hili namuunga mkono, zinakwaruza matairi kwenye bodi. Kabureta bado inavuja, tunaitafutia gasketi Ilala na kila duka wanatuuliza kama tunatania. Rangi haijaamuliwa: mmoja anasema nyeupe, mwingine anasema bluu ile ya chini ya kijani, na kopo la praimari limekaa varandani tangu Pasaka.

Ila fundi bodi alipokuja kunyoosha paa la kichwa cha gari, baba alimzuia. Upande wa kushoto, nyuma, bati limebonyea vibonde vidogo vidogo, vingi, mahali pamoja. Ndipo abiria walipogongea: mara moja kusimama, mara mbili twende. Fundi akasema anaweza kuvitoa vyote kwa saa moja na hatoongeza bei. Baba akamwambia hapo asiguse, aanze na mlango.