Basketi ya vyuo vya Marekani: makuta na uhamisho vimebadilisha mlango wa vijana wetu

Mwaka 2022 Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, alichaguliwa kuwa mchezaji bora wa basketi ya vyuo vikuu vya Marekani. Alikuwa anachezea chuo cha Kentucky. Wakati ule wenzake walikwisha kuanza kulipwa na makampuni kwa matangazo na kwa kusaini picha zao. Yeye, namba moja wa nchi nzima, hakuweza kufanya hivyo akiwa ndani ya Marekani, juu alikuwa na visa ya mwanafunzi. Mwezi wa 8 mwaka ule timu ikasafiri visiwa vya Bahamas kucheza mechi za kirafiki. Huko, nje ya mipaka ya Marekani, Oscar akafanya matangazo yake na kusaini mikataba yake. Magazeti ya kule yalitaja karibu dola 500,000. Kisha akarudi darasani Kentucky.

Hapa Butembo na Beni, kijana akikua mpaka kukaribia mita mbili, lazima atatokea mtu wa kumwambia juu ya Marekani: utapata chuo, utasoma bure, siku moja utacheza NBA kama Mutombo. Maneno hayo yalikuwa na ukweli wake kwa wakati wake. Tangu mwaka 2021 mambo ya kule yamegeuka sana, na wazazi wengi bado wanapewa hesabu ya zamani. Tueleze basi namna ilivyokuwa, na namna ilivyo sasa.

Namna ilivyokuwa

Dikembe Mutombo aliondoka Kinshasa mwaka 1987 na ufadhili wa masomo, ile tunaita bourse, kwenda chuo cha Georgetown. Alitaka kuwa daktari. Kocha John Thompson akamwona urefu wake, akamwingiza kwenye timu, na kijana ambaye Kiingereza kilikuwa bado kinamsumbua akafundishwa polepole. Alimaliza masomo palepale, halafu mwaka 1991 Denver Nuggets wakamchukua akiwa wa 4 katika uchaguzi wa wachezaji wapya wa NBA. Chuo kimoja, kocha mmoja, mpaka mwisho.

Wakati ule NCAA, shirika linalosimamia michezo ya vyuo, lilikuwa na sheria mbili ngumu. Ya kwanza: mchezaji asilipwe. Anapewa masomo, chakula na mahali pa kulala, basi. Ya pili: akihamia chuo kingine, akae mwaka mzima bila kucheza. Mwaka huo wa kukaa nje ndio ulikuwa kufuli. Wachezaji walifikiri mara mbili mbele ya kuondoka, na kocha aliweza kuchukua kijana mrefu asiyejua bado mchezo na kumngoja miaka miwili ao mitatu, akijua hatamkimbia.

Sheria zote mbili zilianguka mwaka mmoja, 2021. Mwezi wa 4, NCAA ikaruhusu mchezaji wa basketi ahame mara moja bila kukaa nje. Tarehe 21 mwezi wa 6, Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote 9 kwa sauti moja, ikasema katika kesi ya Alston kwamba NCAA haina haki ya kuzuia vyuo kuongezea wachezaji misaada inayohusu masomo. Siku 10 baadaye, tarehe 1 mwezi wa 7, wachezaji wakapewa ruhusa ya kuuza jina lao na sura yao kwa makampuni. Mwezi wa 4 mwaka 2024, baada ya kesi ingine iliyofunguliwa West Virginia, hata kikomo cha kuhama mara moja kikaondolewa. Sasa mchezaji anaweza kuhama kila mwaka, mradi masomo yake yawe sawa.

Hatua ya mwisho ilikuja tarehe 6 mwezi wa 6 mwaka 2025. Jaji Claudia Wilken alikubali mapatano ya kesi inayoitwa House. Kuanzia tarehe 1 mwezi wa 7 mwaka ule, chuo chenyewe kinaweza kulipa wachezaji wake, mpaka dola milioni 20.5 kwa mwaka wa kwanza, kwa michezo yote pamoja. Mgawanyo unaotajwa sana ni karibu 75% kwa football ya Kimarekani na 15% kwa basketi ya wanaume. Piga hesabu: ni dola milioni 3 hivi kwa kikosi cha basketi, na makuta ya makampuni yako kando. Nafasi nazo zilibadilika. Zamani timu ilikuwa na bourse 13, sasa kikomo ni wachezaji 15.

Kocha anajenga timu namna gani sasa

Kuna orodha ya kompyuta iliyofunguliwa mwezi wa 10 mwaka 2018. Mchezaji anayetaka kuondoka anaandikisha jina lake humo, na makocha wa vyuo vingine wanaruhusiwa kumpigia simu. Mwaka 2025 orodha ilifunguliwa kwa wanaume kuanzia tarehe 24 mwezi wa 3 mpaka tarehe 22 mwezi wa 4, siku 30 tu, na majina yalipita 2,000. Daraja la kwanza lina timu karibu 360. Ukigawanya, ni zaidi ya wachezaji 5 wanaotoka katika kila timu. Ni kama soko la siku ya Jumamosi: asubuhi meza zimejaa, jioni kila mtu amebeba mizigo yake.

Mfano mzuri ni chuo kilekile cha Kentucky. Mwezi wa 4 mwaka 2024 kocha John Calipari, yule aliyemfundisha Tshiebwe, alihamia Arkansas. Mark Pope aliyechukua nafasi yake hakukuta hata mchezaji mmoja mwenye bourse wa msimu uliopita. Wengine walikwenda NBA, wengine wakahama. Akajenga timu nzima upya kwa muda wa majuma machache, wengi wao wakiwa watu wazima waliokwisha kucheza miaka mitatu ao minne kwingine, na timu hiyo ikafika kati ya 16 bora za nchi.

Florida, mabingwa wa 2025, walishinda Houston 65 kwa 63 katika fainali. Walinzi wao watatu wa kwanza wote walianzia vyuo vingine: Walter Clayton alitoka Iona, Will Richard Belmont, Alijah Martin Florida Atlantic. Iona na Belmont ni vyuo vidogo. Vilimpokea mtu akiwa hajulikani, vikamfundisha, halafu mwenye makuta akamchukua. Katika mpira wa miguu wa kwetu, klabu kubwa ikichukua mchezaji wa klabu ndogo, angalau kunazungumzwa kitu cha kuiachia ile klabu ndogo. Kule, kwa kawaida, chuo kidogo hakikuwa kinapata hata dola.

Wazee wengine walichoka. Jim Larrañaga wa Miami aliacha kazi mwezi wa 12 mwaka 2024, akiwa na miaka 75. Alieleza kwamba baada ya timu yake kufika nusu fainali ya mwaka 2023, wachezaji 8 walimwambia wanataka kuondoka. Vyuo sasa vinaajiri mameneja wa kuhesabu makuta na kutafuta wachezaji, kama klabu za kulipwa. Adrian Wojnarowski, mwandishi wa habari za NBA aliyejulikana kuliko wote, aliacha ESPN mwezi wa 9 mwaka 2024 kwenda kufanya kazi hiyo katika chuo cha St. Bonaventure. Mwandishi anayeacha redio ao televisheni kwa ajili ya basketi, hapa kwetu angeitiwa kikao cha familia.

Sipingi wachezaji kulipwa. Vyuo vilikula makuta ya televisheni kwa miaka mingi huku mwenye jasho anapewa sahani ya chakula. Lakini kuna mtu anayelipa bei ya mabadiliko haya bila kutajwa sana: kijana wa miaka 17 ao 18 ambaye bado hajaiva. Kocha mwenye nafasi 15 na makuta yenye kikomo, ambaye anaweza kufukuzwa mwaka kesho, atachukua mtu wa miaka 22 anayejulikana tayari. Mrefu wa Beni aliyeanza basketi akiwa na miaka 15 kwenye kiwanja cha saruji ndiye yule aliyehitaji kungojwa. Mutombo mwenyewe, angefika leo, sijui nani angekuwa na subira naye.

Njia za wengine wa karibu nasi

Jonathan Kuminga alizaliwa Goma mwaka 2002. Mwaka 2020 aliacha vyuo vyote vilivyomtaka, akaingia G League Ignite, timu ya NBA iliyokuwa inalipa vijana mshahara kipindi ambacho vyuo vilikuwa bado vimekatazwa. Mwaka 2021 Golden State Warriors wakamchagua wa 7, na mwaka 2022 akawa bingwa pamoja nao. Njia hiyo haipo tena. Vyuo vilipoanza kutoa makuta, Ignite ilikosa sababu ya kuishi, ikafungwa mwaka 2024. Halafu likatokea jambo ambalo zamani lisingefikirika: Thierry Darlan wa Bangui, aliyecheza Ignite na timu zingine za G League akilipwa, akakubaliwa mwaka 2025 kuingia chuo cha Santa Clara. Mto ulirudi mlimani.

Khaman Maluach, Msudani Kusini aliyekulia Kampala, alipitia akademi ya NBA iliyoko Saly, Senegal, akacheza ligi ya Afrika ya BAL, mwaka 2024 akiwa na City Oilers wa Kampala, na mwaka huohuo akaingia Duke. Alikaa msimu mmoja, kisha akachaguliwa wa 10 katika NBA mwaka 2025. Ndiyo njia inayoonekana kufanya kazi leo: kijana anaivia Afrika, anaonekana katika mashindano, na chuo kinamfuata akiwa anajulikana.

Hata yeye hakukosa wasiwasi. Tarehe 5 mwezi wa 4 mwaka 2025, siku ileile Duke ilikuwa inacheza nusu fainali na Houston, serikali ya Marekani ilitangaza kufuta visa zote za wenye pasipoti ya Sudan Kusini. Mwezi wa 6 mwaka ule ikatoka orodha ya nchi zilizofungiwa kuingia Marekani. Humo kulikuwa na Congo, lakini ile ya Brazzaville. Watu walichanganya majina, na hapa mjini maneno yalizunguka siku nyingi. Orodha hizo zinabadilika, kwa hiyo neno la kuaminika ni lile la ubalozi wenyewe wa Kinshasa.

Visa, makuta na makaratasi

Mwanafunzi wa kigeni anapewa visa inayoitwa F-1. Inamruhusu kufanya kazi ndani ya chuo mpaka saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Kazi ya nje bila ruhusa inaweza kumpotezea haki ya kukaa. Kupiga tangazo la duka la magari ni kazi. Je, malipo ya moja kwa moja kutoka chuoni, yale ya mwaka 2025, nayo ni kazi? Wanasheria wa vyuo hawasemi neno moja. Vingine vinalipa kama malipo ya kutumia jina tu, vingine vinamwombea mchezaji visa ya wanamichezo wa kulipwa, vingine vinaogopa na kuacha. Basi mtu akimwambia mzazi wa Butembo kwamba mtoto atalipwa dola elfu hamsini mwaka wa kwanza, swali la kuuliza ni hili: kwa visa gani?

Upande wa masomo, NCAA inaangalia kozi 16 za msingi za sekondari na alama zake, pamoja na Diplome d'Etat. Bulletin za miaka yote zinaombwa, zikiwa zimetafsiriwa kwa Kiingereza. Familia zilizokimbia vita kusini mwa Lubero ao vijiji vya Beni, ambazo makaratasi yao yalibaki nyumbani, zianze mapema kuomba nakala kwenye shule. Kijana anayefikiri urefu utasoma mahali pake anajidanganya.

Tangu mwezi wa 9 mwaka 2025 Marekani inataka mwombaji wa visa ya namna hii afanye mahojiano katika nchi yake ao pale anapoishi kisheria. Wengi wetu tulizoea kupita Kasindi na kwenda Kampala. Sasa ni Kinshasa, kwa ndege, na gharama yake kila mtu anaijua, hasa tangu uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa mwezi wa 1 mwaka 2025. Kama ni klabu ya nje inayomtaka mtoto, tujue pia kwamba FIBA hairuhusu mchezaji ahamie nchi ingine mbele ya kutimiza miaka 18, isipokuwa kwa sababu chache za pekee, na uhamisho wa klabu unahitaji barua ya kutoka.

Karatasi ya kuangalia kwa makini ni ile inayoitwa I-20. Inatolewa na shule yenyewe, wala si na mtu wa katikati, na serikali ya Marekani inatangaza orodha ya shule zenye ruhusa ya kuitoa. Shule iliyoandikwa juu yake iwe ndiyo ile mtoto atasoma. Mwaka 2018 mkuu wa shule moja ndogo ya Charlotte, Carolina Kaskazini, alikiri mahakamani kwamba alipokea makuta ili kutumia ruhusa ya shule yake kwa ajili ya vijana wa kigeni, wengi wao wachezaji. Vijana hao hawakusoma kwake. Walisambazwa sehemu mbalimbali za Marekani wakiwa na makaratasi yasiyolingana na mahali walipo, na mama huyo akahukumiwa kifungo.