Kutu na Namba ya Oksidisho: Istilahi za Kemia Ruangwa na Nachingwea

Kutu ni neno la siku nyingi katika Kiswahili, nalo halihesabu: hutaja chuma kilicholiwa na hewa na unyevu, basi. Kemia hudai tarakimu. Katika kutu, chuma hupewa +3 na oksijeni −2. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI (1990) ilinuia kuziba pengo hilo. Hata hivyo, sekondari ziliendelea kufundisha kwa Kiingereza, na istilahi nyingi, zisizo mbaya hata kidogo, zikabaki kamusini. Hivyo kijana wa Ruangwa husomea 0 ya kaboni katika grafiti ya ardhi ya kwao, na mwenzake wa Nachingwea, penye nikeli ya Kilima cha Ntaka, +2 ya nikeli iliyoungana na salfa, kwa lugha ambayo hawakuianzia shule ya msingi.