Hongo ya Paris iliyowasha moto Marekani

Oktoba 1797 wajumbe watatu wa Marekani walifika Paris kutafuta suluhu. Wakaambiwa kwanza watoe kitu kidogo. Hicho "kidogo" kilikuwa pauni 50,000 za Uingereza, za kuingia mfukoni mwa Waziri wa Mambo ya Nje, Charles-Maurice de Talleyrand. Juu yake, serikali ya Ufaransa ilitaka mkopo wa mamilioni.

Ni Ufaransa hiyohiyo iliyowasaidia Wamarekani kumng'oa Mwingereza, na mkataba wao wa mwaka 1778 ulikuwa bado hai. Lakini Ufaransa ya mapinduzi ilipoingia vitani na Uingereza mwaka 1793, Rais George Washington alitangaza kwamba nchi yake haina upande. Mwaka uliofuata mjumbe wake John Jay akatia saini mkataba na London. Paris ikaona imesalitiwa, na meli za Ufaransa zikaanza kuteka meli za biashara za Marekani. Ripoti ya mwaka 1797 ilihesabu meli 316 zilizotekwa katika muda usiotimia mwaka.

Nyumbani nako ugomvi huo ulishageuka siasa za vyama. Wafederali wa Rais John Adams waliegemea London; wafuasi wa Thomas Jefferson waliishangilia Paris. Na kwa kuwa siku hizo aliyeshika nafasi ya pili katika uchaguzi ndiye aliyekuwa makamu, Adams, mshindi kwa kura 71 dhidi ya 68, alijikuta makamu wake ndiye mpinzani wake mkuu. Hebu fikiria hali ilivyokuwa serikalini.

Turudi Paris. Talleyrand hakuwa mgeni wa Wamarekani: alikuwa ameishi ukimbizini kwao, Philadelphia. Hata hivyo aliwapa Charles Cotesworth Pinckney, John Marshall na Elbridge Gerry dakika chache tu, kisha akawaachia madalali wake. Walipobanwa sana, Pinckney alikataa kutoa hata senti. Marshall akaandika kila neno na kulituma kwao.

Adams alipopata barua hizo alizikalia. Wapinzani wakahisi anaficha jambo linaloitetea Ufaransa, wakashinikiza Bungeni zitolewe. Akazitoa Aprili 3, 1798, majina ya madalali yakiwa yamefichwa kwa herufi, ndiyo maana kisa hiki huitwa X, Y, Z. Wapinzani walichimba kisima, wakaingia wenyewe. Nchi nzima ilichemka, na Adams, mtu asiyejua kupendwa, akaanza kushangiliwa.

Ikaundwa Wizara ya Jeshi la Majini, na vita visivyotangazwa vikaanza baharini. Februari 1799 manowari Constellation iliiteka L'Insurgente ya Wafaransa karibu na kisiwa cha Nevis.

Wafederali nao walikuwa wamekwisha kulewa sifa. Kiangazi cha 1798 walipitisha sheria nne, tatu za kuwabana wageni na moja ya kuwabana wakosoaji. Aliyeandika uongo wa kuichafua serikali, Bunge au Rais aliweza kufungwa hadi miaka miwili na kutozwa faini hadi dola 2,000. Makamu wa Rais hakutajwa; Jefferson ungemtukana mpaka uchoke. Matthew Lyon, mbunge wa Vermont, alifungwa miezi minne. Wapiga kura wake wakamchagua tena akiwa gerezani.

Kwa maoni yangu, jambo la maana kuliko yote aliyoyafanya Adams ni lile lililomponza. Alituma wajumbe wapya Ufaransa huku chama chake kikitaka vita, na Septemba 30, 1800, amani ikatiwa saini. Alexander Hamilton, kigogo wa chama hichohicho, akamshambulia kwa kijitabu uchaguzi ukiwa mlangoni. Adams akaambulia kura 65. Jefferson na Aaron Burr walipata 73 kila mmoja, na Bunge likapiga kura mara 36 kabla ya kumchagua Jefferson.

Sheria ya kuwabana wakosoaji ilikoma Machi 3, 1801, siku moja kabla ya Jefferson kuapishwa. Kati ya zile nne, inayohusu wageni wa nchi adui ndiyo iliyobaki hadi leo. Machi 2025 Rais Donald Trump aliitumia kuwafukuza Wavenezuela waliotuhumiwa kuwa watu wa genge.